Mama wa Mtalii

"Mwambie asogee mbele kidogo," alisema Nathanael huku akitua gunia la kahawa kando ya meza. "Mita kumi tu, Ma Verdiana. Hata nane zinatosha."

Verdiana hakuinua kichwa. Kahawa ilikuwa imetandazwa mbele yake, punje zisizo na idadi, na vidole vyake vilikuwa vikipita juu yake vikidonoa: nyeusi, iliyotobolewa na mdudu, iliyovunjika, kijiwe. Misimu kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye meza za uchambuzi pale kiwandani Bukoba, na mikono yake ilishajua kazi bila kuelekezwa. Alimjibu mpakiaji yule kwamba ujumbe utafika.

Alikuwa akijibu hivyo tangu Jumatatu. Mwenye duka kule Hamugembe, alikopanga chumba kwa msimu, alimfungia sabuni kwenye karatasi na kumwagiza amwambie kijana aache pasi za nyuma. Padri alimshika mkono baada ya misa ya asubuhi, akamwuliza habari za afya, kisha akainama na kumnong'oneza, kwa sauti ya kitubio kabisa, kwamba Joackim ajaribu mashuti ya mbali. Mwalimu mmoja wa Kahororo, mtu ambaye hawakuwahi hata kusalimiana, alivuka barabara makusudi na kumchorea uwanja mzima kwenye vumbi kwa ncha ya mwavuli. Verdiana alisimama pale na kikapu chake kichwani, akaitikia kila mshale uliochorwa, na alipoondoka hakukumbuka hata mmoja.

Joackim, kitinda mimba wake, alikuwa akichezea timu ya taifa. Alivaa jezi namba sita, akasimama katikati ya uwanja, mbele ya mabeki, na nchi nzima ilikuwa ikijiuliza anafanya nini pale. Hakufunga. Hakupiga chenga. Alipopata mpira alimpa mwenzake wa karibu, kisha akarudi kutembea, mikono kiunoni. Mashabiki walikuwa wamempa jina: Mtalii. Walisema kocha humlipia kiingilio ili atazame mpira kwa karibu kuliko wengine. Kocha hakujibu, akaendelea kumpanga kila mechi, na hilo likawakasirisha zaidi.

Jumatano ile Joackim alikuwa amempigia simu kutoka kambini. Waliongea habari za mvua, za goti la baba yake, za panzi wa senene walioanza kuanguka. Kisha akauliza, "Mae, na wewe unaona sifanyi kitu?"

Verdiana hakuwa mtu wa kusema asilolijua. "Sijui, mwanangu," alimwambia. "Sijawahi kukutazama."

Ilikuwa kweli, ukiacha dakika sita. Miaka minne nyuma, Joackim alipokuwa bado na klabu moja ya Mwanza, alimtazama mara moja kwenye runinga ya jirani. Dakika ya sita mtu alimkanyaga kifundo cha mguu, na Verdiana akatoka nje, asirudi tena. Tangu siku hiyo, mechi zilipochezwa alikuwa shambani au na rozari mkononi, na baadaye aliuliza matokeo na kama mtoto ni mzima. Alidhani hivyo ndivyo mama anavyomsaidia mwanawe. Ila baada ya ile simu alikaa kitandani kwa muda mrefu, simu ikiwa bado mkononi, akiona aibu. Watu wote wa Kagera walikuwa na maoni juu ya mtoto wake. Yeye peke yake hakuwa nayo.

Basi Jumamosi mchana, alipomaliza kazi, alifunga mzigo wake kwenda nyumbani Kamachumu kama alivyozoea kila juma, lakini safari hii alikuwa ameshaamua. Jumapili angetazama, dakika zote tisini.

Mechi yenyewe haikuwa ya mchezo. Timu ya taifa ilihitaji sare tu ili ifuzu, na wageni walikuja na mshambuliaji mrefu, nywele kazipaka rangi nyekundu, aliyekuwa amefunga katika kila mechi ya hatua ile. Hata bodaboda aliyempandisha mlima kutoka Muhutwe alimzungumzia mtu huyo njia nzima. Alipomtelemsha Verdiana mlangoni, alizima pikipiki na kumwomba, kwa heshima zote, amwambie Joackim asilale.

Ildefons, mumewe, alikuwa amesema tangu zamani kwamba hatakanyaga tena kwenye banda la Rwekaza, ambako Kamachumu yote ilitazamia mpira. Ujanani Ildefons alikuwa mfungaji. Watu wa umri wake bado walikuwa wakihesabu magoli yake kwenye vilabu vya pombe ya rubisi, na yeye hakuwazuia. Mtoto alipoitwa timu ya taifa alitembea kijiji kizima akiwa na shati la Krismasi mwezi wa tatu. Sasa kila Joackim aliporudisha mpira nyuma, vichwa vyote bandani viligeuka kumtazama baba, na baba moyoni alikubaliana nao. Mwezi wa nane alimpigia mwanawe simu na kumwambia kwamba mtu asiyekwenda golini hana haja ya viatu. Hawakuwa wamezungumza tena tangu siku hiyo. Salamu zilipitia kwa Verdiana, kama salamu za watu wote.

"Wewe nenda," alimwambia mkewe Jumapili baada ya chakula, akichukua panga. "Mimi migomba yangu ina majani makavu."

Rwekaza alipomwona Verdiana mlangoni mwa banda alitoka mbio kumtafutia kiti cha plastiki, akakiweka mbele kabisa. Banda lilikuwa limejaa hadi kwenye madirisha. Kyaruzi, fundi baiskeli, ndiye aliyekuwa hakimu wa mpira Kamachumu. Alisimama kwenye nguzo ya kati, mahali pake pa siku zote, akimsalimia kila mgeni kwa utabiri wake. Asubuhi hiyo naye alikuwa amemwagiza Verdiana amwambie kijana asogee mbele mita kumi. Verdiana alifungua fundo la kanga na kutoa kahawa ya kutafuna, ile mbichi iliyochemshwa na majani na kukaushwa juani, akaweka punje moja mdomoni. 

Dakika tano za kwanza hakuelewa kitu. Alifanya kama wengine, akaufuata mpira, na mpira ukamtia kizunguzungu: ulikuwa huku, ukaruka kule, mtu kaanguka, firimbi, watu wakapiga kelele kabla hajajua kwa nini. Akafumba macho kidogo. Alipoyafumbua aliamua kuuacha uende zake. Mezani kiwandani hakuna awezaye kutazama kahawa yote; unaiacha ipite, unatafuta kitu kimoja. Akamtafuta namba sita.

Haikuwa rahisi. Runinga nayo ilikuwa ikiufuata mpira, ikamwacha Joackim nje ya picha mara kwa mara. Lakini picha iliporudi katikati, Verdiana alianza kujua atamkuta wapi. Na alianza kuona. Kweli, alikuwa akitembea. Ila kabla ya kutembea aligeuza shingo, bega la kulia, bega la kushoto, kisha akaenda kusimama mahali pasipokuwa na mtu. Baada ya muda mfupi mgeni mwenye mpira aliinua kichwa, akataka kuupeleka palepale, akamwona Joackim amesimama, akaghairi. Akarudisha mpira kwa wenzake. Banda zima likashusha pumzi na kulalamika kwamba mechi imelala.

Verdiana alihamisha punje moja ya kahawa kutoka kiganja cha kulia kwenda cha kushoto. Baadaye kidogo akahamisha nyingine.

Dakika ya thelathini Joackim alisimama, mikono kiunoni, akitazama upande ambao hakuna kitu. "Mtalii anatafuta wanyama," alisema Kyaruzi, na watu wakacheka. Mtu akamgusa ubavu. Kyaruzi alimwona mwanamke kwenye kiti cha plastiki na akavua kofia.

"Unisamehe, Ma Verdiana. Ni mambo ya mpira tu."

"Endelea, waitu," alimjibu kwa adabu ya nyumbani. "Mimi nahesabu."

"Unahesabu nini?"

"Bado sijui kinaitwaje," alisema Verdiana, na kuhamisha punje nyingine, kwa kuwa upande ule ambao hakukuwa na kitu alikuwa sasa amesimama yule mwekundu wa nywele, mkono juu, akiomba mpira ambao haukuweza kumfikia.

Mapumziko yalipopulizwa hawakuwa wamefungana. Wengine walitoka kunyoosha miguu. Verdiana alishika njia ya nyumbani, akipita katikati ya mibuni, haraka kuliko alivyotembea kwa miaka. Alimkuta mumewe kwenye kibanja, shamba lao la nyuma ya nyumba. Migomba miwili ilikuwa safi. Mingine yote haijaguswa. Redio ndogo ilikuwa imening'inizwa kwenye mgomba kwa kamba, antena juu.

"Wamemtaja mara nne," alisema Ildefons kabla hajaulizwa. "Mara nne, dakika arobaini na tano. Na mojawapo alikuwa anafunga kamba za viatu."

"Redio inaufuata mpira."

"Sasa ifuate nini?"

Verdiana alikunjua kiganja cha kushoto. Punje zilikuwa zimeloa jasho. "Ishirini na tatu," alisema. "Mara ishirini na tatu wale wageni wametaka kupita, wamemkuta, wamerudi. Sijui kwenu mnaitaje. Wewe ndiye uliyecheza. Twende ukaniambie."

Ildefons alizitazama punje zile. Alifuta panga kwenye jani, akalisimika kwenye shina, akaliacha hapo. Redio aliisahau ikiendelea kuongea.

Alipoingia bandani watu walimsogezea nafasi. Rwekaza alileta kiti cha pili. Kipindi cha pili kilikuwa kimeshaanza, na wageni walikuwa wakisukuma kwa nguvu, maana wao sare isingewafaa. Verdiana alimwinamia mumewe na kumwambia asitazame mpira. Ildefons alimgeukia kana kwamba ameambiwa asipumue. Lakini alikuwa amekuja mwenyewe, na watu walikuwa wakimtazama. Basi akakunja mikono kifuani na kumkazia macho mwanawe.

 Joackim akatembea, akageuza shingo, akasimama. Akatoa pasi ya nyuma, na vichwa kadhaa vikageuka kumtazama Ildefons, yeye hakuviona. Alikuwa akimtazama yule mwekundu wa nywele. Mtu yule alikuwa sasa ameinua mikono yote miwili. Alikuwa akiwagombeza wenzake, akiwaonyesha miguu yake, mpira uje hapa, mnangoja nini. Ukaja kwingine. Akainua tena.

"Mikono ile," alisema Ildefons.

Verdiana alimwuliza mikono gani. Ildefons alijibu kama anayesoma barua aliyoikuta chini ya godoro. Alimsimulia, kwa sauti ya chini, kwamba mwaka themanini na nane walikwenda kucheza Rubya, fainali ya parokia, na yeye ndiye aliyetarajiwa kufunga. Alasiri nzima hakuupata mpira. Alisimama pale ameinua mikono kama yule, akiwatukana wenzake. Baada ya mechi alimkasirikia Avit, rafiki yake aliyekuwa winga, kwamba alimnyima pasi kwa wivu, na hawakusalimiana mwaka mzima. Miaka yote hii alikuwa akisema kwamba siku ile mpira ulimkataa tu.

"Kulikuwa na mtu," alisema. "Mfupi, jezi imepasuka begani. Hakunigusa hata mara moja. Kila nilipogeuka alikuwa amesimama kati yangu na Avit, anatembea tu. Hata sikuuliza jina lake." Akaelekeza kidole kwenye runinga. "Mama Joackim, ni yule yule."

Kisha akainuka. Sauti ya Ildefons ilikuwa kubwa tangu ujana, ya mtu aliyeomba pasi kutoka upande wa pili wa uwanja, na sasa aliitoa yote. "Tazameni namba sita. Anakwenda kushoto. Mpira utataka kupita hapo. Ngojeni."

Walimwambia akae. Lakini walitazama, na mpira ulitaka kupita hapo, na haukupita.

"Sasa kulia. Ameshamwona."

Ukaja kulia, ukarudi.

Mara ya tatu hakuna aliyemwambia akae. Mara ya tano kijana mmoja dirishani alitangulia kusema yeye, akapatia, akashangiliwa kama kafunga goli mwenyewe. Dakika ya sabini banda zima lilikuwa limeuacha mpira. Watu walikuwa wakimtafuta namba sita, wakibishana atasimama wapi, wakinyoosha vidole hadi Rwekaza akahofia runinga yake, na kila mgeni alipoinua kichwa na kughairi, walipaza sauti kwa pamoja, "Kaziba!" Kyaruzi alivumilia dakika chache kwenye nguzo yake. Halafu sauti yake nayo ikasikika, na haikuwa ya mwisho kwa ukubwa.

Verdiana alikuwa amecheka hadi machozi. Punje zilikuwa zimemwagika mapajani, na hesabu ilikuwa imempotea, na hakuitafuta.

Zikibaki dakika mbili, wageni walipata mwanya. Pasi moja ndefu ikapita, na yule mwekundu wa nywele, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alikuwa na mpira mguuni na golikipa mbele yake.  Namba sita alikuwa nyuma yake hatua tatu, na sasa hakuwa akitembea. Alikimbia kama mtoto anayekimbia mvua, akajitupa chini na kunyoosha mguu, na mpira ukagusa kidole cha kiatu chake ukaenda kona. Mshambuliaji aliruka juu yake. Joackim alibaki chini. Verdiana alishika mkono wa mumewe akaukaza, na safari hii hakutoka nje. Alihesabu pumzi saba. Joackim aliinuka, akavuta soksi, akageuza shingo bega la kulia, bega la kushoto, akaenda kusimama.

Kona ikapita juu. Firimbi ikalia. Hakuna aliyefunga, na nchi ilikuwa imefuzu.

Kelele zilizotoka banda lile ziliwatoa watu majumbani. Rwekaza alipindua debe akaanza kulipiga, wanawake wakatoka jikoni na miiko mikononi, wazee waliokwisha lala mchana wakaamka kucheza. Mtu alileta galoni la rubisi. Ildefons alinyanyuliwa juu, goti bovu na yote, na kutoka kule juu alikuwa bado akieleza.

Kyaruzi alimfikia Verdiana kwa shida, akampa mikono yote miwili. Uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kweli. "Ulimfikishia," alisema. "Nimeona mwenyewe. Leo amesogea mbele. Mita kumi kamili."

Verdiana alijua kwamba mwanawe hakuwa amesogea hata hatua moja. Alilifikiria hilo, akamtazama fundi yule aliyelowa jasho, mkono wake ukiwa bado ndani ya mikono ya Kyaruzi.

"Ujumbe wote ulifika," alisema.

Simu ililia jua likiwa bado juu ya migomba. Walikuwa wamerudi nyumbani, Verdiana amekaa kwenye kizingiti na sinia la senene, akinyofoa mabawa. Nyuma ya sauti ya Joackim watu walikuwa wakiimba na kugonga milango. Hakumwuliza tena lile swali. Alisalimu tu, akangoja.

"Kifundo kizima?" aliuliza Verdiana.

"Kizima, Mae."

"Kipindi cha kwanza, walipokuwa na mpira kule kwa mabeki wao. Wewe uliondoka ukaenda upande ambao hakuna mtu, na baadaye ndiyo yule mwekundu akaja hapo. Ulijuaje?"

Nyimbo ziliendelea kule nyuma. Halafu Joackim akacheka, cheko la polepole, la mtu anayetua mzigo. Akamwambia kwamba tangu aanze kucheza mpira hakuna mtu aliyemwuliza jambo hilo. Akaanza kumweleza: namna beki anavyogeuza nyonga kabla ya kutoa pasi, namna mshambuliaji anavyotazama pembeni anapotaka kukimbilia ndani. Aliongea haraka, kama alivyoongea akiwa na miaka saba. Verdiana alielewa nusu yake. Ildefons alikuwa amesimama karibu, akijifanya anachunguza goti.

"Baba yako yuko hapa," alisema Verdiana, na kumnyooshea simu mumewe.

Ildefons aliishika kwa mikono miwili. Akakohoa. Akauliza hali ya hewa ya huko, akajibiwa. Akauliza kama wamekula, akajibiwa. Verdiana aliendelea kunyofoa mabawa na kutazama sinia.

"Sikiliza," alisema Ildefons hatimaye. "Rubya kulikuwa na mtu mmoja."

Akaanza kutembea. Alipita jikoni, akapita kisima, akaingia kwenye kibanja akiongea, akinyamaza kusikiliza, akiongea tena. Sauti yake ilipotea ndani ya majani. Baada ya muda Verdiana aliinua macho. Kati ya migomba miwili mwanga ulikuwa umeingia, na ndani ya mwanga huo mumewe, simu sikioni, mkono mwingine umenyooka, alikuwa akienda hatua mbili kushoto, akigeuza shingo, akirudi hatua mbili kulia, taratibu, akimzibia njia mtu ambaye hakuwapo.